Siku mke wangu alipotunzwa kando ya ziwa, Durban, askari wakadhani tunavamia jukwaa

Wakuu, habari za wikendi. Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili. Asiyeamini aje Durban, nimpeleke nyumbani akamuulize mwenyewe.

Wa zamani humu watakumbuka niliwahi kuweka tangazo la gitaa kavu. Lilikuwa la mke wangu, Mama Neema, Mkongo wa Uvira. Mimi ni mtu wa Kigoma, natengeneza simu hapa CBD. Yeye anasuka nywele saluni, kule Point.

Gitaa alifundishwa na baba yake. Lakini tangu zile fujo za 2008 za kufukuza wageni, hakuwahi kulipiga mbele ya watu. Ni chumbani tu, polepole, madirisha yamefungwa. Mwisho akaniambia niliuze.

Kabla mteja hajapatikana, akaingia dukani mzee mmoja wa Kizungu, Andries, simu yake imepasuka kioo. Mama Neema alikuwa nyuma anajaribu nyuzi kama ziko sawa. Mzee akasahau simu kabisa.

Kumbe ana bendi. Banjo, fidla, vitu hivyo, wenyewe wanaita bluegrass. Jumapili za summer wanapiga kwenye park moja yenye ziwa dogo. Akamwomba aje apige wimbo mmoja.

Tulivyobaki wawili akaniambia: "Papa Neema, nitaenda. Lakini wakinicheka, hii gitare inauzishwa kesho yake. Nimechoka."

Basi Jumapili ikafika. Pale watu wanatandika blanketi kwenye nyasi, cooler box pembeni, wanasikiliza kimya. Wimbo ukiisha, makofi. Sisi tukatua kundi zima la kanisani na sufuria la sombe, kile kisamvu cha Wakongo!

Sasa hapa niwaeleze wasiojua. Kwetu mpigaji akikukuna, unainuka, unacheza mpaka mbele, unambandika noti kwenye paji la uso. Ndiyo kumtunza. Ukikaa umetulia tu, umemwambia hajui.

Mama Neema akaanza. Jamani, yule mwanamke anapiga! Haukupita muda, Mama Riziki, bosi wake wa saluni, akainuka na ten rand yake, anazungusha kiuno bila haraka. Sisi wote nyuma yake, mstari mmoja.

Eish! Walinzi wakaja mbio. Mmoja akamshika Mama Riziki mkono: "Hhayi, mama! Go back!"

Park nzima ikageuka kututazama. Mama Neema akaacha kupiga.

Wakuu, niliuona uso wake. Ni ule ule wa 2008. Nikasema moyoni, kwisha, gitaa limeuzwa, na tumeliuza sisi wenyewe.

Akasogea kwenye mike. Kiingereza chake ni cha saluni, lakini siku hiyo kiliwafikia mpaka bata wa ziwani: "Leave them. In my home, if people sit down, it means I am bad."

Akaendelea pale pale alipoachia.

Halafu bibi mmoja wa Kizungu, ana kofia pana, akavua viatu, akaja na noti yake mkononi. Akamuuliza Mama Riziki, "Where do I put it?"

"On the face, my dear!"

Baada ya hapo watu walipanga foleni. Yule mlinzi alimwachia Mama Riziki, akabaki anapiga makofi. Noti zinabandikwa, nyingine zinadondoka, na vidole haviachi nyuzi. Mimi nililia, na sioni aibu kusema. Nilimwambia kila aliyekaa karibu: that's my wife!

Tunakunja vitu, Andries akaja amenuna kwa utani: "Nobody came to me. Am I bad?" Mama Neema akacheka, akatoa noti, akambandika kwenye upara.

Amepiga na bendi hiyo summer yote. Mbebaji wa gitaa ni mimi, kifua mbele. Nilichojifunza: mwenzako akiwa na kitu kizuri, mfungulie madirisha kisikike. Ya kwetu tumefungua.

Mlioko ughaibuni, ni mila gani ya nyumbani iliwaponyoka mbele ya wenyeji? Tiririkeni hapa chini.

Na wewe uliyekuja PM juzi kuuliza bei, samahani mkuu. Gitaa haliuzwi.