Pua ya Baba Mdogo

Baba yangu mdogo alikuwa na kazi isiyo na jina. Kwenye mkataba aliandikwa kibarua wa usafi, lakini sikuwahi kumwona ameshika fagio. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mdomo wa shimo la maji machafu, kuvuta hewa kwa pua, na kusema kama watu washuke au wasishuke.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha ngozi, nje kidogo ya jiji la Arusha. Ngozi mbichi hulowekwa kwanza kwenye chokaa na dawa ya kunyonyoa manyoya, baadaye huingia kwenye asidi. Maji ya kwanza na maji ya pili hayapatani. Yakikutana shimoni hutoa gesi inayonuka yai viza, na gesi hiyo ni katili kwa namna yake. Ikiwa kidogo, inanuka hadi utapike. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza, halafu inamaliza mwenye pua. Mtu aliyeshuka kuzoa tope anashukuru kwamba harufu imekwisha, na hiyo ndiyo shukrani yake ya mwisho.

Mimi niliajiriwa pale kufunga na kutunza vipimo, vile vinavyosoma muda wote bila kupumzika. Kila pipa la kuzungushia ngozi lilikuwa na chake cha kupima ukali wa asidi na chokaa, na juu ya shimo tulifunga cha kupima gesi. Vyote vilituma habari kwenye kioo kimoja cha kompyuta ofisini, mistari ya rangi ikitambaa mchana na usiku, Jumapili na Krismasi. Gesi ikizidi kiwango, taa nyekundu inawaka na king'ora kinalia. Siku tulipofunga kile cha shimoni, baba mdogo alikuja akakitazama, akavuta ugoro taratibu, akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, hili redio lenu linashika stesheni gani?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kuanzia hapo kipimo changu kikaitwa redio, na hata meneja alipotaka taarifa aliniuliza redio inasemaje.

Meneja huyo alikuwa mtu wa utani, na utani wake ulikuwa na meno. Alishatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba redio ikifanya kazi vizuri mpaka baridi iishe, Mzee ataenda kupumzika kwake Ngaramtoni. Kila mtu alijua maana ya kupumzika. Baba mdogo hangekufa njaa. Alikuwa na ng'ombe wake, na wanawe walikuwa wakubwa. Lakini pale kiwandani wanaume wazima walisimama na makoleo yao wakimsubiri afungue mdomo. Neno lake moja lilisimamisha kazi, na meneja mwenyewe alinyamaza. Hicho ndicho alichokuwa anakwenda kunyang'anywa, na hakuwa na kingine cha aina hiyo duniani.

Halafu kulikuwa na maziwa. Kila aliyefanya kazi penye dawa alipewa pakiti ya maziwa kila siku, eti yanaondoa sumu mwilini. Nimesema hadi mate yakanikauka kwamba maziwa yanaenda tumboni na gesi inaenda mapafuni, havikutani popote. Waliniona nina roho mbaya, nataka kuwakatia maziwa. Pakiti ya kwanza alipewa baba mdogo, akiwa amesimama mbele ya foleni, na hakuna aliyefungua yake kabla yeye hajafungua.

Kunusa kwake kulikuwa na taratibu zake. Alipenga pua kwenye leso nyeupe, akavuta ugoro kidogo, akapiga chafya, akaita vijana wawili wasimame naye ukingoni, mmoja kulia na mmoja kushoto. Alisema ni kwa usalama wake, asije akaanguka. Kisha aliinama na kuvuta hewa, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Akiinuka alisema "Bado" au "Shukeni". Hakukosea, na nilijivunia kuwa damu yake, ingawa sikumwambia.

Ilinichukua muda kuona kitu ambacho kilikuwa wazi. Akiinuka, hakuangalia shimo. Aliangalia nyuso za wale vijana. Mmoja akikunja uso au kumeza mate, jibu lilikuwa "Bado". Wakitulia, jibu lilikuwa "Shukeni". Ile gesi ilishamla pua zamani, kidogo kidogo, na yeye alikuwa anaazima pua za watoto wa wenzake huku akijifanya anazo zake. Nilipoligundua hilo nilikaa ofisini nikitazama mistari yangu bila kuiona. Nilikasirika kweli. Nilimkasirikia kwa uongo wake, na nikamkasirikia zaidi kwa kuwa ulikuwa uongo mzuri hivyo.

Ikaja baridi yetu, ile ambayo Mlima Meru hauonekani wiki nzima kwa ukungu na kila mtu anatembea na makoti mawili. Kiwanda kizima kilishikwa na mafua. Asubuhi moja wakataka kuzoa tope. Baba mdogo akapenga pua, akavuta ugoro, akaita vijana wake wawili, nao pua zao zilikuwa zimeziba kwa mafua, macho yanatoa machozi. Akainama, akavuta hewa, akainuka, akawaangalia. Nyuso zimetulia.

"Shukeni," akasema.

Mzoa tope wa kwanza, mwanamume mnene ambaye alikuwa akimsifu baba mdogo kuliko wote, akaweka mguu kwenye ngazi. Redio ikalia. Taa nyekundu ikawaka, king'ora kikapasua masikio, na yule bwana akarudi juu kwa kasi ambayo sikujua mwili wake unayo. Nilikimbilia kwenye kioo. Mstari wa gesi ulikuwa ukipanda tangu kabla mzee hajanusa, na sasa ulikuwa umesimama wima. Angefika chini tungemtoa amekufa, na huenda mwingine angekufa akijaribu kumtoa.

Jioni yake baba mdogo alinifuata ofisini. Nikamwamkia, "Shikamoo baba mdogo." Akaitika "Marahaba, mama," akafunga mlango, akasimama kama mgeni.

"Hilo redio," akasema, "haliwezi kupandishwa kiwango kidogo? Lisiwe linalia kwa kila kitu."

"Halilii kwa kila kitu, baba. Limelia kwa sababu mtu alikuwa anakufa."

"Mimi ndiye niliyekupeleka chuo, mama. Sanduku lako nililibeba begani."

"Najua, baba mdogo. Siligusi."

Akaniuliza kama kule Kwa Mrombo ninakoishi nako kuna baridi. Nikamwambia ipo. Akaaga. Ningeulizwa tena leo ningejibu vilevile, na ukoo wangu unajua, maana wameshaniita majina yote.

Hapo ingetosha. Wangemshukuru mzee, wangempa kitenge cha kumpelekea mkewe, wakamwacha aende. Lakini wale vijana wawili, kwa kuogopa lawama, walikwenda kwa meneja wakamweleza jinsi mzee alivyokuwa akiwasoma nyuso. Meneja aliona raha isiyo ya kawaida.

Siku ya pili wakati wa chai alituita wote uwanjani. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya bati vyenye vifuniko, kila kifuniko kimetobolewa tundu. Kimoja, alisema, kina maziwa ya pakiti ya leo. Kingine kina maziwa yaliyosahauliwa karibu na boila. Sisi Waarusha tunapenda maziwa yaliyoganda, lakini haya hayakuwa ya kuganda, yalikuwa yameoza. Nilisikia harufu yake kutoka niliposimama, nami nilikuwa na mafua.

"Mzee," meneja akasema, "redio imekusingizia. Njoo ujisafishe. Nusa, utuambie yapi mazima."

Nikasema haina haja, kipimo kimeshathibitisha.

"Injinia, tulia. Hii si ndiyo sayansi yenu?"

Baba mdogo alisogea. Akatoa leso, akapenga pua. Akavuta ugoro, akapiga chafya. Alifanya yote bila kuruka hata moja, na watu walinyamaza kwa mazoea. Kisha akageuka kuwatafuta vijana wake.

"Aa-aa," meneja akasema. "Vijana, tazameni ukutani. Na ninyi wengine, geukeni."

Watu waligeuka, kila mmoja, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Mimi sikugeuka. Aliniangalia usoni mara moja, na mimi, sijui kwa nini, nilifumba macho. Sikutaka kumdanganya wala kumsaidia. Nilisikia akivuta hewa kwenye kikombe kimoja, akavuta kwenye cha pili, akarudi cha kwanza.

"Haya," akasema.

Kicheko kilichofuata kilinifungua macho. Alikuwa ameweka mkono juu ya kikombe kibovu. Aliyecheka kuliko wote ni yule mzoa tope mnene, aliyebaki hai hata akaweza kucheka.

"Basi kunywa, Mzee," meneja akasema. "Si mazima? Yaondoe sumu."

Baba mdogo alifunua kifuniko. Macho yake yalikuwa mazima, aliona ukungu wa kijani juu na maji ya kinjano chini. Angeweza kukitupa kile kikombe, angeweza kumtukana meneja kwa Kimaasai, na wengi tungefurahi. Alikiinua akanywa. Mabonge yalikuwa yakishuka kooni tukiyaona. Kicheko kilipungua, kikakata. Alikunywa hadi mwisho, akafuta mdomo kwa ile leso nyeupe, akakirudisha kikombe mezani na kukifunika.

"Mazuri," akasema.

Mchana huo baba mdogo alikwenda kupumzika Ngaramtoni, na pakiti ya kwanza ya maziwa ikawa inapewa yeyote anayewahi.

Sikumtembelea hadi mvua za vuli. Mama mdogo, mkewe, alinipokea jikoni. Huyu mama tangu niko mdogo alisifika kwa vibuyu vyake. Alivisugua ndani kwa kijinga cha moto cha oloirien, mzeituni wa porini, hadi maziwa yakapata ile harufu ya moshi ambayo mtu wa kwetu anaitambua akiwa mlangoni. Kila jioni tangu ndoa yao baba mdogo alipokea kikombe, akanusa, akamsifu mbele ya wageni. Jikoni niliviona vibuyu vimening'inia ukutani, vimeshika vumbi na utando wa buibui. Mama mdogo alikuwa anamimina maziwa kutoka kwenye jagi la plastiki.

"Nimechoka kusugua," akaniambia bila kushusha sauti sana. "Miaka yote hiyo nasugua, najipaka moshi machoni, mtu ananisifia kitu asichokijua. Sasa ananywa kama mnavyokunywa ninyi wa mjini."

"Anajua kama unajua?"

"Muulize wewe. Wewe si ndiye mwenye redio?"

Akaniwekea kikombe mkononi nimpelekee. Baba mdogo alikuwa amekaa uani, amekonda, amevaa koti lake la kanisani. Alikipokea kwa mikono miwili. Akatoa leso, akapenga pua. Akakiinamia kikombe, akavuta hewa kwa muda mrefu, kisha akainuka na kuniangalia usoni. Safari hii niliyaacha macho wazi, nikautuliza uso wangu kadiri nilivyoweza.

"Mama yako mdogo leo amekisugua kibuyu vizuri," akasema kwa sauti, ili asikike hadi jikoni.

"Asante, baba," mama mdogo akaitikia kutoka ndani, na nikamsikia akiliosha jagi kwa sabuni.