Kukataa Mara ya Kwanza

Wivu ulimwingia Bu Murti kabla hata hajamwona huyo msichana. Ulimwanzia kwenye wasifu. Wening, miaka thelathini na mmoja, alikuwa ameajiri watu katika viwanda viwili vya nguo, na kote walimsifu. Bu Murti alisoma, akanuna, akasoma tena akitafuta kasoro. Hakuiona, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Cheo chenyewe kilikuwa cha mkuu wa ajira katika kiwanda cha mashati nje kidogo ya mji wa Solo, kwa Wajava, na kwa haki kilikuwa cha Bu Murti mwenyewe. Nusu ya washonaji wa pale aliwaajiri yeye. Mkuu wa zamani alipostaafu, mkurugenzi, Pak Marbun (Pak ni bwana, Bu ni mama), mtu wa Medan, mbali na Wajava, asemaye la moyoni kama lilivyo, alimwita akamuuliza kama anakitaka. Naye, kama alelewavyo kila Mjava mwenye adabu, aliinamisha kichwa akajibu kwamba haiwezi kazi hiyo, watafutwe wanaojua. Alikataa ili aulizwe tena. Mara ya pili angesitasita, ya tatu angekubali kwa haya, na mambo yangekwisha. Pak Marbun akamshukuru kwa ukweli wake, akamwambia basi atafute mtu. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini Solo hapa anayekidaka cheo mara ya kwanza huitwa mlafi hadi na mama mkwe wake.

Ndivyo alivyojikuta akimtafuta bosi wake mwenyewe. Siku ya usaili Wening alikaa wima, na chai aliyowekewa hakuigusa mpaka alipokaribishwa mara ya pili. Alieleza jinsi ya kumtambua mshonaji atakayerudi kazini baada ya Idi na atakayepotelea kwao. Alieleza jinsi ya kumkataa mpwa wa mlinzi bila kuvunja ujirani. Yalikuwa majibu ya Bu Murti hasa, yale aliyojifunza kwa kuumia, na huyu aliyatoa kwa sauti laini, bila jasho. Bu Murti alimchukia kwa hilo. Alimchukia hata kwa viatu vyake.

Pak Marbun alikuwa amekwisha furahi. "Kwa hiyo cheo hiki unakitaka?"

Wening akainamisha kichwa. "Mimi bado, Pak. Kazi kubwa hii, sidhani kama naiweza. Wapo wanaonizidi."

Bu Murti aliyasikia maneno yake mwenyewe. Msichana alikitaka kama yeye alivyokitaka. Ilitosha tu kumuuliza tena. Pak Marbun akamgeukia Bu Murti.

"Mbona anakataa, Bu? Kuna kitu sikielewi hapa?"

Wivu ukamwambia asimweleze. Huyu akiondoka, atabaki nani kama si yeye?

"Labda anajijua, Pak," alisema.

Wening alimtazama Bu Murti, mtu wa kwao, aliyejua kila kitu. Kisha akaaga kwa adabu, akatoka.

Bu Murti alibaki ameketi, mikono mapajani. Alijiapiza kwamba safari hii, akiulizwa, atakubali papo hapo, na waseme watakalo.

"Watu wa hapa nawaheshimu," Pak Marbun alisema, akikusanya karatasi zake. "Mtu akijua hawezi, anasema hawezi. Kama wewe ulivyoniambia. Wala sitakusumbua tena na jambo lile, Bu."

Angesema nini? Kumwambia kwamba hapana yake haikuwa hapana ni kumwambia kwamba hata ya Wening haikuwa, na kwamba alilijua hilo wakati alipoulizwa.

"Asante, Pak," alisema.

"Mpigie yule kijana wa Jakarta tuliyemsaili jana, umpe cheo."

Alimpigia palepale, mkurugenzi akisikiliza. Kijana alikubali kabla Bu Murti hajamaliza kumuuliza.