Mashine Iliyokuja Kupigwa Picha

Mashine niliyofanyia utafiti miaka miwili niliiona kwa mara ya kwanza siku ilipoletwa kiwandani kupigwa picha.

Sitanii.

Ilishushwa kwenye lori asubuhi, imeviringishwa mablanketi kama mgonjwa. Vibarua wakaibeba hadi chumba tulichozoea kuwekea madumu matupu. Jana yake chumba kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe na mlangoni pamebandikwa neno MAABARA.

Ngoja nieleze nilifikaje hapo.

Nilikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari, ajira ya kudumu, maisha si haba. Kisha ukatangazwa ufadhili wa shahada ya uzamivu. Chuo chetu, chuo kimoja cha ng'ambo na kiwanda cha rangi walikuwa wameungana: vyuo vinafundisha, kiwanda kinatoa maabara, wafadhili wanamwaga pesa. Mimi nitafute namna ya kuondoa madini ya risasi kwenye rangi za majumbani, yale yanayodumaza akili za watoto.

Niliacha kazi. Mume wangu akasema, "Nenda mama, tutakula hata ugali mkavu."

Tukaula kweli.

Msimamizi wangu tulimwita Profesa Ndege, maana alikuwa hatui. Leo kongamano, kesho warsha. Nikimuuliza mashine ya kupimia risasi iko wapi, jibu ni lile lile.

"Iko forodhani, binti yangu. Vuta subira."

Nikivuta subira, meneja wa kiwanda ananituma nikawatembeze wateja. "Huyu ni daktari wetu," anawaambia. Daktari wa nini, wakati kazi yangu ilikuwa kuwashikia makopo?

Ndipo wafadhili wakatangaza kwamba wanakuja kukagua kabla ya kuongeza pesa. Nyie, kiwanda kilichangamka kama nyumba ya harusi. Nikapewa koti jeupe, bado lina mikunjo ya dukani.

Ndege akanivuta pembeni. "Wewe simama karibu na mashine, tabasamu. Ukiulizwa, sema matokeo yanatia moyo."

"Matokeo gani, Profesa?"

"Yanayotia moyo."

Wageni wakaingia. Aliyewaongoza alikuwa mkaguzi, mwanamama mtulivu, mwenzetu kabisa ila mshahara wake unatoka ng'ambo. Akaizunguka mashine, akaigusa ubavuni, akanigeukia.

"Unaitumiaje kwenye utafiti wako?"

Nikawaona watoto wa darasa nililoliacha. Nikamwona mume wangu akipiga pasi shati lake lililochakaa. Nikasema.

"Siitumii. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona."

Mkaguzi akautazama tena ubavu wa mashine.

Halafu meneja akacheka. Ndege akadakia kicheko. Wageni nao, wasije wakaonekana washamba, wakacheka.

"Daktari wetu ana utani sana," meneja akasema. Picha zikapigwa.

Nilitoka nje kwa hasira. Mkaguzi akanifuata hadi kwenye bomba la maji.

"Mdogo wangu, najua hukutania," akasema. "Hii mashine naifahamu. Mwezi uliopita nilipiga nayo picha kwenye mradi mwingine. Hata ule mkwaruzo wa ubavuni ni ule ule."

Moyo ukatulia. Nikamshika mkono. "Basi dada, utaandika?"

"Nitaandika."

Na kweli aliandika. Ripoti ilipotoka, mradi wetu ulisifiwa kuwa mfano wa kuigwa kwa, nanukuu, "utamaduni wa kushirikiana vifaa". Pesa zikaongezwa. Ndege akapewa kuratibu miradi yote ya namna hiyo, na mkaguzi akawa mshauri wake.

Nililivua lile koti nikamwachia meneja mezani. Nyumbani mume wangu alinisogezea kiti.

Sasa hivi nasoma kwenye chuo kidogo kisicho na mfadhili wa kujivunia. Mashine yao ni kuukuu, ikiwashwa inakohoa, na tunapanga foleni kuitumia. Lakini inapima. Juzi nilipima rangi ya ukuta wa chekechea moja, nikakuta risasi, na wiki hii ukuta ule unakwanguliwa.

Ninachowaambia ni hiki: usipoteze pumzi kumwamsha mtu anayelipwa ili alale. Sema ukweli wako mara moja, beba begi lako, uende kunakofanyika kazi.