Mpaka Nilioupima Mwenyewe

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa mvi zangu bado zinahesabika, kosa langu kubwa la kwanza nililifanya nikiwa na futi mkononi na moyo safi. Nakumbuka ilikuwa kijijini kwetu Uru. Baba mdogo alikuwa amefariki, na ukoo ukanichagua kuwa msimamizi wa mirathi yake. Sheria sikuisomea darasani. Nilijisomea mwenyewe, na nilijivunia kutokosea.

Kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kilipakana na cha marehemu baba yangu, nilichorithi mimi. Sehemu moja ya mpakani masale, mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, yalikuwa yamekauka, na hapo palikuwa na migomba saba iliyomlisha mjane wake, mama mdogo, pamoja na ng'ombe wake. Nikapima mara tatu, maana nikikosea hata hatua moja sili chakula kikashuka. Kila mara migomba ikaangukia kwangu. Nikapanda masale mapya.

Mama mdogo alikuja akautazama mstari, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Umepima vizuri, baba. Ila pale ulisimama upande wa kwenu. Upande wa marehemu alisimama nani?"

Nikaanza kumweleza vipimo. Akacheka kidogo. "Hata mwizi wa ndizi huhesabu mikungu."

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Nilidhani wanamsema mwongo. Kumbe hata mkweli huvuta, na hajijui. Nilikuwa nimeanzia kwenye jiwe alilonionyesha baba utotoni, sikumuuliza mtu mwingine yeyote.

Nilimpelekea jani la isale, kama tunavyoomba radhi kwetu. Mbele ya ukoo nikakiri kwamba mpaka ule ulinihusu, kisha nikaenda mahakama ya mwanzo kuomba niondolewe usimamizi. Msimamizi mpya akawaita wazee wanaoujua mpaka. Migomba mitano ikarudi kwa mama mdogo. Mitano, mwanangu, na mimi nilipima mara tatu.

Ukikabidhiwa mali ya mtu, hasa ya mjane au yatima, chunguza kwanza kama na wewe unalo lako humo. Ukilikuta, litaje kabla hujaulizwa, na uamuzi uwaachie wengine. Usijitetee kwa uaminifu wako. Mwaminifu naye ana shamba lake. Mungu akujalie moyo wa kukaa pembeni mapema, kuliko mimi.

Tangu hapo sijashika futi kwenye mpaka unaonihusu. Mama mdogo bado anaiitikia shikamoo yangu, lakini karatasi zake za shamba humpelekea mtu mwingine amsomee.