Kelele ya Clavier Ilikuwa ya Bure

Enzi zetu, ninyi mliokulia Cimpunda pamoja nami mtanishuhudia, kelele ya kuandika ilikuwa kitu cha kuficha. Leo inauzwa. Nimeyajua hayo kwa mdogo wangu Espoir, msomi wa informatique, mwenye miaka ishirini na moja na ndevu saba. Anataka clavier ya kompyuta, kibodi kama wanavyosema watu wa pwani, lakini si clavier yoyote. Anataka ya mécanique. Ile aliyo nayo inaandika vizuri, herufi zote zipo, ila ina kosa moja kubwa: hailii. Kwa hiyo ananiomba mimi, dada yake, mama wa mtoto anayerudishwa nyumbani kila mwanzo wa mwezi kwa sababu ya minerval, karo ya shule, nimsaidie kununua kelele.

Jina langu ni Furaha. Msinicheke.

Amenielimisha sana. Kumbe kuna vibonye vya bluu vinavyolia, vya kahawia vinavyonong'ona, na vyekundu vilivyo kimya kama mume aliyekula mshahara. Kuna na taa chini ya herufi, ili mtu asipotee kati ya P na M. "Yaya, ni kitu ya kuchagua na akili," akaniambia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Niko na budget kidogo."

Budget! Mtoto huyu anataka kunifundisha mimi budget. Mimi niliyeona clavier ikichaguliwa kwa bei ya pagne tatu, vitenge vya arusi.

Nakumbuka nilikuwa na miaka kumi, na vita ya pili ilikuwa imeshaingia mjini na buti zake. Tulicheza nzango mbele ya nyumba ya mbao, makofi na miguu hewani, vumbi mpaka kwenye meno. Mlio wa kwanza wa risasi ukisikika huko juu, tulikimbilia ndani bila kubishana nani ameshinda. Ukinyamaza, tulitoka na kubishana tokea pale pale tulipoachia. Siku nzuri tulikula bugali na sambaza, kila mtoto na samaki zake, na ole wake aliyepeleka jicho kwenye sahani ya mwenzake. Siku nyingine zote, maharage. Nyumba ilinuka makaa, mbao zilizolowa na sabuni ya kipande. Leo mtoto akikosa mayonnaise anauliza kama tumekuwa maskini.

Maman alikuwa dactylo, mpiga mashine, katika kampuni moja ya chai. Wakati wa vita ya kwanza watu wenye bunduki waliingia ofisini wakabeba mashine, meza, viti, na hata vitasa vya milango. Milango yenyewe waliiacha, nadhani kwa huruma. Maman akabaki na vidole kumi na kazi hakuna. Papa alikuwa mwalimu katika kijiji cha Miti, akirudi Jumamosi kama barabara imekubali, na mshahara wake wa serikali tulikuwa tunausikia tu, kama jamaa anayeishi Ulaya.

Ili vidole visisahau, Maman alikata kartoni ya mafuta ya msaada, akachora juu yake clavier nzima kwa biki: A, Z, E, R, T, Y, mistari yote, hata kile kibao kirefu cha kuacha nafasi. Kila alasiri, vyombo vikiisha kuoshwa, alikaa mlangoni na kartoni mapajani, mgongo wima, akiandika barua ambazo hakuna mtu angezipokea. Majirani waliamua kwamba vita imempanda kichwani.

"Maman Furaha, leo unaandikia nani?" Maman Noëlla wa nyumba ya pili alimwuliza.

"Naandikia Président."

"Unamuambia nini?"

"Namuambia wewe haujarudisha sahani yangu."

Msidhani ni yeye peke yake. Nilipofika sekondari, option commerciale, mchepuo wa biashara, tulijifunza hivyo hivyo, kwa sababu mashine za shule nazo zilikuwa zimesafiri. Darasa zima la wasichana, kila mmoja na kartoni yake, mwalimu akiita herufi kama litania kanisani na sisi tukiitikia kwa vidole: pu, pu, pu. Kuna wenzangu walipata diplome ya dactylographie bila kugusa chuma hata siku moja. Wala hatukudai taa chini ya herufi.

Basi Jumanne moja Tonton Déo, ndugu mdogo wa Maman, aliyekuwa akileta maharage kutoka Minova, aliingia akihema kwa habari. Kuna shirika limefungua ofisi mjini, linatafuta dactylo mmoja. Test ni Jumatatu. Na kila mwanamke aje na mashine yake mwenyewe. Shirika lilikuwa na magari matatu meupe na antena ndefu, lakini mashine ya kuandika halikuwa nayo. Tusiulize.

Maman aliinama pale pale. Alivuta sanduku chini ya kitanda, akatoa pagne zake tatu za arusi, zile alizotuambia kila Krismasi kwamba nitazirithi mimi. Nilizirithi kwa macho, mpaka zilipokata kona kichwani mwa mke wa mfanyabiashara aliyezinunua jioni ile. Siku ya pili tukaenda soko ya Kadutu: Maman, Espoir mgongoni bado ananyonya, Tonton Déo kwa ajili ya kubeba, na mimi kwa ajili ya kumshika Espoir akianza kulia.

Mashine zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa nzito, ya ofisi, clavier ya Kifaransa kama ile aliyoizoea Maman, na namba ya ofisi bado imeandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe. Muuzaji akaapa kwamba ameirithi kwa mjomba wake. Mjomba gani anayezaliwa na namba mgongoni? Bei yake ilikuwa mara mbili ya pagne zetu, na muuzaji hakutaka hata kuteremka kidogo kwa aibu. Ya pili ilikuwa ya bluu, nyepesi, na kifuniko kinachong'aa.

"Dada, tuchukue hii," Tonton Déo akasema. "Inapendeza. Utaiweka ku salon."

"Salon gani, Déo?"

Maman hakuangalia rangi. Alifumba macho, akaweka vidole, akateremsha kila herufi polepole huku sikio lake likiwa karibu na chuma. Alikuwa anasikiliza kama inafika mpaka chini na kama inarudi yenyewe bila kubembelezwa. Watu wa soko wakakusanyika kuangalia mwanamke anayepima mashine kama daktari anayepima kifua. Alipofika kwenye E, kidole kilishuka na chuma hakikunyanyuka.

"Hii haina E."

"Maman, ni herufi moja tu!" muuzaji akalia.

"Kifaransa bila E, papa, utapika bugali na maji peke yake."

Ikabaki ya tatu. Hiyo ililia vizuri, kila herufi ilishuka na kurudi kama mtoto aliyefundishwa, na bei yake tuliiweza. Maman alifumba macho, akapiga, akatabasamu. Halafu akafungua macho akaangalia karatasi, na tabasamu likaisha.

"Inatoka Kampala," muuzaji akasema haraka. "Ya kweli kweli. Herufi zote ziko."

"Ziko, lakini zimekaa kwa viti vya bengine. A iko ku kiti ya Q. Z iko ku kiti ya W. M imehama kabisa."

"Maman, inchi yote iko hivyo sasa."

Watu walicheka mpaka askari mmoja akageuka kutuangalia, na wote wakakumbuka kwamba wana shughuli. Maman akabaki amesimama. Ilikuwa clavier ya Kiingereza. Si herufi tu zilizohama. Haikuwa na accents, vile vijiti na vikofia ambavyo Kifaransa kinavaa juu ya herufi na bila hivyo kinaonekana kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Shirika linaandika Kifaransa. Test ni Jumatatu. Na pagne zilikuwa zimeshauzwa.

"Tunachukua," akasema.

Tulipofika nyumbani aliipiga mara moja tu, mistari miwili, tatatata, tatatata. Nje kukawa kimya cha kaburi. Baada ya muda Maman Noëlla akatokea mlangoni, mboga ya sombe imemmwagikia tumboni kwa sababu alikuwa amejitupa chini ya kitanda pamoja na sufuria.

"Maman Furaha, unataka kutuua na presha?"

"Ni barua tu."

"Barua gani inapiga rafale kama bunduki?"

Hapo mashine ikavishwa blanketi na kusukumwa pembeni. Utepe wake pia ulikuwa umechakaa, na karatasi tulikuwa nazo nne. Maman akachukua ile kartoni yake ya miaka, akaigeuza, akachora upande wa nyuma clavier mpya, ya Kampala. Alikuwa na siku tano za kusahau kila kitu vilichokijua vidole vyake. Mimi nikapewa mwiko. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele yake na kumpiga kidole kila kikienda mahali pa zamani.

Ninyi mnaojua mwiko ulikuwa wa nani enzi zetu, mtanielewa. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani kumpiga mama yangu kwa ruhusa yake. Siku ya kwanza nilifurahi sana. Siku ya pili mkono wangu ulichoka. Siku ya tatu kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimevimba, nikaanza kupiga meza badala ya kidole. Aliinua macho. "Furaha, unanionea huruma? Jumatatu Directeur wa shirika atanionea huruma?" Nikarudi kwenye kidole.

Jumatatu Tonton Déo aliteremka na mashine begani, Maman mbele na Espoir mgongoni, nami nyuma yao. Ndani ya ofisi wakawa wanawake watano pamoja na Maman, na mashine tano, na zile nne za wenzake zote zilikuwa za Kifaransa. Mmoja aliangalia ya kwetu, akaangalia herufi, akajifunika mdomo kwa mkono ili tuone vizuri kwamba anacheka. Mimi nilibaki mlangoni, tayari kumpokea mtoto. Lakini Espoir alilala. Directeur alisoma kwa sauti, ukurasa mmoja na nusu, na mashine zikaanza. Nilikuwa naangalia kidole kile kidogo kilichovimba. Kila kikinyanyuka nilibana meno. Hakikukosea. Ama kilikosea na sikuona; lakini kengele ya mwisho wa mstari ya Maman ililia kabla ya zile nyingine, mara kwa mara, mpaka yule aliyecheka akaacha kucheka.

Directeur alipita akikusanya. Akafika kwa Maman, akashusha miwani.

"Madame, accents ziko wapi?"

Maman alipandisha mkono kwenye kitambaa chake cha kichwa, akachomoa biki.

"Ziko hapa, Monsieur le Directeur. Naomba dakika mbili."

Aliziweka moja moja, kijiti, kofia, kijiti, zote zimeinama sawasawa, hakuna iliyo nene kuliko mwenzake. Directeur alisimama juu yake muda wote huo. Alipopokea karatasi alitafuta kwa kidole accent iliyosahauliwa, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta chawa. Hakuipata. Akamwambia aanze kesho.

Alifanya kazi pale miaka minane, na miaka yote minane accents za shirika lile, za ripoti zilizokwenda mpaka Ulaya, zilitoka kwenye kitambaa cha kichwa cha mama yangu. Kwa biki hiyo tulikula. Kwa biki hiyo nilimaliza sekondari na Espoir akaanza shule ya msingi, na soksi nyeupe juu yake, wakati mimi nilikuwa nimeanza na miguu mitupu.

Hadithi hii ameisikia mara nyingi, mdogo wangu, ila kila mara ana écouteurs masikioni. Juzi alikuja kwangu na simu, Maman naye akiwa amekuja kumwona mjukuu, amekaa na sinia la maharage mapajani akichagua vijiwe. Espoir akafungua video. "Yaya, sikia ya bluu." Tak tak tak. "Sasa sikia hii ya kahawia."

Maman aliacha maharage. Akafumba macho.

"Hiyo ya pili," akasema. "Ya kwanza inapiga kelele lakini haishuke mpaka chini."

"Ah, Maman! Unajua clavier?"

Nilitaka kumpiga na sinia. Akaendelea, mwana wa mfalme. Ile ya kahawia, tena kwa bei nafuu, iko moja tu mjini, lakini ni ya Kiingereza. "Ile ya Kifaransa inaipita hiyo na dola makumi mbili. Ni hizo nilikuwa naomba. Mutu ataandika Kifaransa namna gani na clavier haina accents? Haiwezekane, yaya."

Siku hizi "haiwezekani" ni neno jepesi sana. Kompyuta yake yenyewe, nimeambiwa na watoto wa jirani, inaweza kuziweka hizo accents ukiibonya vizuri; hakuna atakayemvimbisha kidole, hakuna jirani atakayeingia chini ya kitanda. Sisi tulikuwa na herufi kwenye kartoni na tuliandika. Wao wana taa chini ya kila herufi na hawaoni. Na bado, mnisamehe, ningetoa simu yangu leo nisikie tena ile kengele ya mwisho wa mstari kutoka upande wa mlango, na harufu ya maharage nyuma yake.

Maman alisimama, akafuta mikono kwenye pagne, akafungua mkoba wake. Akatoa biki, akaiweka juu ya simu ya Espoir. Akarudi kukaa.

Espoir akaigeuza, akaiangalia huku na huku. "Ya kufanya nini, Maman?"

Na huyo ndiye aliyekuwa mgongoni siku ile, amelala, mate yakimwingia mama yake shingoni. Nilifungua mdomo, nilikuwa na maneno ya kumtosha mpaka Noeli. Maman akanikazia macho. Basi nikasogeza kiti, nikavuta sinia upande wangu, tukaendelea kuchagua maharage.