Noreen Kwenye Siku ya Dirisha

Noreen Oldroyd alikuwa na miaka thelathini na minne na vinundu viwili kooni. Waliovijua vinundu hivyo walikuwa watu wawili tu: yeye mwenyewe na daktari wa Sheffield aliyemchungulia kwa kioo kidogo siku ya Jumanne. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia anyamaze miezi mitatu. Si kuacha kuimba tu, bali kunyamaza kabisa, hata kunong'ona asinong'one. Akikaidi, sauti ingeondoka na isingerudi.

Noreen hakulia. Aliuliza kama angeweza kuanza kunyamaza Jumatatu, kwa sababu Jumapili ilikuwa Dirisha.

Kila msanii wa klabu za wafanyakazi kule Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, anaijua siku hiyo. Mara moja kwa mwaka, mwezi wa Novemba, makatibu wa burudani wa klabu kama hamsini hukutana Jumapili mchana katika ukumbi mmoja, kila mmoja na shajara ya mwaka ujao mfukoni. Wasanii hupanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, dakika ishirini ishirini, kama bidhaa kwenye dirisha la duka. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye klabu hata kizuri hujitembeza, la sivyo kitaozea kabatini. Anayependeza hutoka na tarehe za kuimba za mwaka mzima. Anayekwaruza hutoka na koti lake tu.

Hesabu ya Noreen ilikuwa hivi. Kama angepata tarehe za kuanzia Aprili, angenyamaza Desemba, Januari na Februari, na Machi angelilainisha koo taratibu. Tarehe chache za Desemba zilizokwisha kuandikwa angezifuta kwa kisingizio cha mafua. Wakimwuliza habari za Januari, angesema anakwenda Ujerumani kuwaimbia askari wa Uingereza walioko huko. Jambo moja tu halikutakiwa: mtu ajue. Katika biashara ile, ukisema unapumzika, watu husikia umekwisha. Wangempa pole nyingi na nafasi yake wangempa mwingine.

Hata mumewe, Clifford, hakumwambia kabla ya Dirisha. Clifford ni mtu mwema ambaye mdomo wake hauna mlango. Angemweleza mhudumu wa baa mmoja siku ya Jumatano, kwa siri, na Ijumaa habari ingekuwa imefika Doncaster kabla ya gari la maziwa.

Koo hilo ndilo lililokuwa mtaji wake tangu mwanzo. Mwaka wa 1964, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa akipanga peremende kwenye makopo kiwandani. Siku moja aliandika wimbo nyuma ya boksi, wakati wa chai. Ulihusu msichana anayemngoja mvulana kwenye geti la kiwanda, naye mvulana ameshatoka kwa geti la nyuma. Aliuita hivyohivyo, "Geti la Nyuma". Bwana mmoja wa London akausikia, akaurekodi, na wimbo ukapanda hadi nafasi ya kumi na nne kwenye chati za nchi. Ukakaa hapo wiki mbili. Noreen alionekana kwenye televisheni mara moja, na gauni la kuazima. Santuri ya pili ilizama. Ya tatu haikutolewa. Bwana wa London akawa hashiki simu tena.

Wapo waliobaki London wakingoja simu hiyo mpaka wakazeeka. Noreen alipanda basi akarudi kwao Wombwell. Akatazama alichobaki nacho: wimbo mmoja ambao kila mtu wa sehemu zile aliujua, koo, na mchumba mwenye gari la kubebea makaa. Akaolewa na mchumba, gari likasuguliwa, na kwa miaka kumi na tano akaviuza vyote vitatu pamoja. Siku saba kwa wiki, Jumapili mara mbili, katika kumbi ambazo kwa moshi wa sigara humwoni aliyekaa meza ya pili. Nyimbo hakuacha kutunga. Alizifikisha arobaini, akawa anazichomeka katikati ya nyingine bila kusema ni zake. Klabuni ukisema "huu nimeutunga mwenyewe", watu huinuka kwenda kuongeza bia.

Lakini walichokuja kukisikia ni "Geti la Nyuma", na ndani yake sauti moja ya juu katika kiitikio cha mwisho, aliyoishikilia mpaka watu wakaweka glasi mezani. Sauti hiyo ndiyo iliyomjengea jina, na sasa ndiyo iliyokuwa ikimuua. Tangu Septemba alikuwa ameushusha wimbo mzima ngazi tatu. Aliandika upya kwa penseli karatasi za muziki za mpiga kinanda, usiri mtupu. Clifford ndiye aliyebeba begi la karatasi kila siku, ila hakuweza kusoma muziki hata mstari mmoja. Kwake zilikuwa ni vitone tu.

Jumapili ikafika. Klabu ya Kiln Lane ilijaa. Noreen alikuwa wa tano. Nyimbo tatu za kwanza alizichagua za chini kwa makusudi, zikapita. Uso wake ulikuwa ukicheka. Kisha Ewart, mpiga kinanda wa pale, akaanza utangulizi wa "Geti la Nyuma", na kabla ya pigo la nne Noreen akajua kwamba amekwisha.

Wimbo ulikuwa katika ngazi ya zamani, ile ya juu. Aligeuza shingo kidogo, akaona karatasi zilizo mbele ya Ewart. Zilikuwa nyeupe, safi, zilizopigwa chapa, zile za mwaka wa 1964. Akatazama nyuma ya ukumbi. Clifford alikuwa amemwinulia dole gumba.

Mtu hawezi hata kumlaumu. Asubuhi Clifford alifungua begi akakuta karatasi za penseli zina alama za glasi za bia, duara juu ya duara, kama mezani. Kwa watu wa klabu, mpiga kinanda akipewa karatasi chafu anakupigia muziki mchafu, na hiyo ilikuwa siku ya Dirisha. Akazitoa, akaweka zile safi za kwenye droo. Mume yeyote wa msanii angefanya hivyo. Noreen, aliyemficha siri, ndiye aliyemtega.

Noreen aliimba ubeti wa kwanza huku akitafuta mlango wa kutokea. Kusimamisha wimbo na kuomba ushushwe kulikuwa sawa na kusoma barua ya daktari kwenye kipaza sauti. Kuwaachia watu waimbe kiitikio? Ujanja huo makatibu waliujua tangu enzi za baba zao. Msanii akiwaelekezea watu kipaza sauti, wao humtazama koo. Kiitikio cha kwanza akakipita kwa nguvu, akasikia kitu ndani kikikwaruza kama kucha juu ya sufuria. Ulibaki ubeti mmoja, kisha ile sauti ya juu. Maneno ya daktari yalimrudia: isingerudi.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka, na Bi Elsie, mpishi wa klabu, akaonekana na toroli la pai za nyama na njegere za kuponda. Alisimama pale, akingoja.

Kiln Lane, kama klabu zote, pai zikifika mwenyekiti hugonga meza na kutangaza, hata kama mwimbaji kafungua kinywa. Wasanii huichukia desturi hiyo kuliko mvua. Noreen mwenyewe, mwaka wa 1971, aliwahi kumtupia mwenyekiti mmoja kiatu. Lakini siku ya Dirisha mwenyekiti aliambiwa awe na adabu kwa wageni, akawa ameshika nyundo yake bila kujua la kufanya.

Noreen akainua mkono. Kinanda kikanyamaza.

"Mwenyekiti," alisema, "unaogopa nini? Pai zimefika. Mimi nimekulia Wombwell, siwezi kulaaniwa na matumbo ya watu kwa ajili ya kiitikio kimoja."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Zamani ulirusha kiatu, Noreen," mtu akapaza sauti kutoka baa.

"Zamani nilikuwa nimeshakula."

Wakati watu wanapanga foleni, alimwendea Ewart, akaupa ukumbi mgongo. Ewart alikuwa tayari na pai mkononi.

"Nishushie ngazi tatu."

"Tatu? Utaimbia chini kabisa, kwenye stoo ya mapipa, dada."

"Nishushie, na usiniulize."

"Humu mna wenye masikio."

"Wana pai mdomoni."

"Masikio hayatafuni," alisema Ewart, lakini akatoa penseli.

Baada ya robo saa wimbo ulianza tena. Watu walikuwa wameshiba na ukumbi ulikuwa wake. Sauti ya juu, ambayo sasa haikuwa juu, aliishikilia mpaka mwisho. Glasi zikawekwa mezani. Makofi yalikuwa mazito.

Makatibu walimjia na shajara zao. Saba walimpa tarehe, na kila aliyeuliza Januari alijibiwa Ujerumani. Wa nane alikuwa mzee Horace Thackray, katibu wa klabu kubwa kuliko zote. Akimpa msanii tarehe, wengine ishirini humfuata kama kondoo. Mzee huyu alikuwa amepuliza tarumbeta katika bendi ya mgodi kwa miaka arobaini. Alifungua shajara taratibu.

"Jumapili nne nina nafasi. Januari?"

"Niko Ujerumani, mzee. Kuanzia Aprili."

"Ujerumani." Alilamba kidole, akafunua kurasa. "Pai ulizisimamishia wimbo, vizuri sana. Sijawahi kuona pai zikishusha wimbo ngazi tatu."

Noreen alitaka kusingizia kinanda, akataka kumsingizia Ewart, akaona visingizio vyote ni bei mbovu.

"Simwambii mtu," alisema Thackray. "Si kwa huruma. Nikisema, mimi ndiye nitakayekosa watu Jumapili nne." Akaandika. Noreen akaona anaandika kwa penseli. Katika shajara za makatibu, wino ni ahadi, penseli ni tuone. "Ukitoka Ujerumani, mwanangu, njoo uniimbie ngazi ya zamani. Nitakuja na kalamu ya wino."

Kwenye gari Clifford alikuwa na furaha ya bwana harusi. Alisema ni bahati aliziona zile karatasi chafu asubuhi. Aliuliza mzee Thackray katoa tarehe ngapi.

Noreen, ambaye kunyamaza kwake kulikuwa kumeshaanza, alichukua moja ya karatasi nyeupe za 1964, akaigeuza nyuma, akaandika kila kitu: vinundu, miezi mitatu, penseli. Akampa.

Clifford alisoma injini ikiwa bado haijawashwa. Alisoma mara mbili. Kisha akauliza polepole kama ni yeye, na zile karatasi, aliyelikwaruza koo zaidi.

Noreen alitikisa kichwa kukataa, ingawa hakujua.

"Na sauti itarudi?"

Noreen aliichukua tena karatasi, akashika penseli juu yake. Mvua ilianza kugonga kioo. Walifika Wombwell, na karatasi ilikuwa bado mapajani mwake, haina jibu.