Hodi Ukutani

"Shangazi, unampigia nani hodi?"

Aliyeuliza alikuwa na miaka saba, na kwa maswali yake nyumba nzima ilimwita Kiherehere. Shangazi alikuwa amebandika sikio kwenye ukuta wa sebule ya marehemu bibi, akiugonga kwa vifundo vya vidole, hatua kwa hatua. Hakujibu. Alimtazama kaka yake, baba wa Kiherehere, aliyesimama mlangoni na mtoto kamshika kidole.

"Kaka, hapa nitapitisha nyaya za umeme na bomba la jikoni. Niazime mikono yako, nibandulie hii lipu."

"Hii?" Baba akaipigapiga saruji kama anayesifia ng'ombe wake. Aliipaka mwenyewe ujanani, juu ya matofali mabichi ya udongo, ili nyumba ya mama yake ing'are. "Hii ndiyo inayoshikilia nyumba, dada. Ukiigusa tu, chini. Kama nyumba haifai tuhamie sote sita, tubomoe tujenge ya bloku."

Shangazi alizaliwa chumba cha nyuma, na kazi ya kujenga kwa udongo aliianzia uani hapo hapo. Mafundi wenzake walimwita Mama Tope, naye akiitika. Kwake kuilaza nyumba ile chini kungekuwa kumzika mama yake mara ya pili.

"Bandua kipande cha ukubwa wa meza," akasema. "Nyumba ikianguka, bloku nabeba mimi, tena kichwani."

Baba akashika nyundo na tindo. Pigo la tatu, lipu ikadondoka kama ganda. Nyuma yake udongo ulikuwa tepetepe, kama uji uliolala. Saruji ilikuwa imeyafungia maji ndani miaka yote hiyo. Baba akaingiza kidole, kikazama mpaka fundo.

"Mvua za miaka ile hazikuwa na adabu," Shangazi akawahi. "Endelea, kaka. Ndani zaidi pakavu."

Aliendelea siku nne. Mama akatania kwamba mumewe anapigana na ukuta, na ukuta unaongoza. Wakauacha ukauke wiki sita, wakatoa matofali yaliyooza, wakatia mapya. Kisha Baba akakunja suruali, akakanyaga tope lililochanganywa na majani makavu, kila mara akiuliza, "Fundi, limelainika?"

"Bado. Kanyaga."

Leo sebule ile ina soketi tatu zinazogombewa na watoto wanne, jikoni bomba linatoka maji, na mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi mtamu. Kiherehere yuko kidato cha tatu. Juzi, akiwa ameegemea ukuta ule na daftari lake, alimuuliza Shangazi swali lile lile.

Shangazi alichungulia kwanza kama Baba yuko karibu. Akaweka kikombe chini.

"Nilipiga hodi, likaitika kosa la baba yako. Na wewe ulikuwa umemshika kidole. Ningekujibuje?"